SOMO: Picha ya zamani ya Mwanza, jinsi ya kuiweka hewani ikiwa na historia yake

Picha nyingi za Mwanza ya zamani zinazozunguka kwenye simu zimeandikwa "Enzi hizo", basi. Nani? Wapi? Mwaka gani? Hakuna. Linaniuma sana, maana wanaojua bado wapo, wengine wamekaa Kirumba na Igogo na hakuna aliyewauliza. Ndiyo maana naanzia kwa wazee.

Hatua ya 1: Mpelekee mzee picha yenyewe
Msalimie, mpe picha mkononi, washa kinasa sauti kwa ruhusa yake. Ukimuuliza mwaka atakwama. Muulize: ilikuwa kabla ya Azimio la Arusha? Mama ulikuwa umeshaolewa? Huyu mgongoni ni mtoto wa ngapi? Andika majina kuanzia kushoto, hata yule wa pembeni aliyekatwa nusu. Nyuma ya picha tumia penseli laini. Wino wa kalamu huhamia kwenye picha ya jirani.

Hatua ya 2: Tafuta mwaka ndani ya picha
Hapa usiwe na haraka. Suruali ya bugaluu (pana chini) na viatu vya raizoni (vyenye soli nene) vinakupeleka miaka ya 1970. Bango la TANU ni kabla ya Februari 5, 1977, CCM ilipozaliwa. Picha ya Rais ukutani nayo inasema: Mwalimu hadi 1985, Mzee Mwinyi hadi 1995, Mkapa hadi 2005. Lakini usitegemee dalili moja. Mwalimu alibaki kwenye kuta za watu wengi hata baada ya kung'atuka, na bugaluu ya kaka ilirithiwa na mdogo wake.

Bandarini angalia meli. MV Victoria ilianza kazi 1961. MV Bukoba ikionekana, picha ni ya kabla ya Mei 21, 1996, siku meli hiyo ilipozama. Angalia na maji yenyewe: mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilipandisha ziwa kwa zaidi ya mita moja, kwa hiyo ufukwe mpana kwenye picha kuukuu, au Jiwe la Bismarck (ule mwamba wa ziwani hapa mjini) lililoachwa wazi sana, huenda ni dalili ya kabla ya mvua hizo: muulize mvuvi mzee.

Hatua ya 3: Ipige vizuri
Futa vumbi kwa brashi laini kavu. Kaa karibu na dirisha, zima flashi, simu iwe sambamba na picha. Ukipata skana, weka dpi 600 (kipimo cha ukali wa picha) kwa picha ndogo. Piga na mgongo wake, mhuri wa studio mara nyingi uko huko.

Hatua ya 4: Omba ruhusa ya familia, kisha weka picha na maelezo pamoja.

MASWALI YA WANACHAMA (kila muulizaji kwa jina la anakotoka)

Nyakato: Mwangaluka (salamu ya Kisukuma) mkuu. Picha ya babu imegandia kwenye kioo cha fremu. Niivute?
Jibu: Usiivute kabisa! Unyevu umelainisha tabaka la juu likashika kioo. Ukivuta, sura ya babu inabaki kwenye kioo. Ipige ikiwa humo humo, na ushike kitambaa cheusi nyuma ya simu ili kioo kisiakisi.

Igoma: Nina picha za ajali ya MV Bukoba. Niziweke?
Jibu: Za miili, hapana. Kuna watu hapa mjini bado wanalia. Picha ya marehemu akiwa hai, familia ikikubali, weka na jina lake.

Sengerema: Za rangi za miaka ya 80 zimekuwa nyekundu tupu. Na ile programu ya kutia rangi picha nyeusi na nyeupe, vipi?
Jibu: Rangi zake hazififii kwa pamoja, nyekundu ndiyo iliyobaki. Rekebisha nakala, ile ya asili usiiguse. Programu ya kutia rangi siipendi: inakisia tu, inamvalisha bibi khanga ya rangi ambayo hakuwahi kuwa nayo. Ukiitumia, sema wazi.

Ukerewe: Nina negativu tu, studio ilishafungwa.
Jibu: Negativu ni mali! Fungua ukurasa mweupe kwenye simu moja, mwanga hadi mwisho. Inua negativu kidogo juu ya kioo ili vidoti visionekane, ishike kwenye kingo, piga kwa simu ya pili, kisha geuza rangi kwenye programu ya kuhariri. Ukimaliza ifunge kwenye karatasi kavu, mbali na joto.