Somo: Pima kinachokishika kiti chako cha mbio kwa timazi, tepu na simu

Kiti cha mbio, yaani kiti cha magurudumu cha wanariadha wenye ulemavu, hakina gia wala wenzo. Kanuni zinaruhusu ringi moja tu ya kusukumia kila upande, gurudumu la nyuma lisizidi sentimita 70 pamoja na tairi iliyojazwa, na la mbele lisizidi 50. Nguvu yote inatoka mabegani, na kila kinachokishika kiti, yaani kinachokipunguzia mwendo, kinakula humo humo. Marcel Hug wa Uswisi alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni kule Oita, Japani, mwaka 2021 kwa saa 1:17:47, kiti chake kilikuwa kimeundwa pamoja na wahandisi wa Sauber, watu wa magari ya Formula 1. Handaki la upepo la kupimia jinsi hewa inavyokishika kiti hatuna, lakini timazi ya fundi mwashi, ile kamba yenye uzito chini, ipo kila mtaa. Anza nayo kabla hujanunua magurudumu ya kaboni, maana alaimenti mbovu, yaani magurudumu yasiyotazama mbele sawasawa, itayala hata hayo.

Hatua ya 1: Alaimenti

Magurudumu ya nyuma yamelala: juu yamekaribiana, chini yameachana. Huo mlalo ni sawa. Kinachoua mwendo ni yakitazamana vibaya mbele na nyuma, kwa sababu kila gurudumu linavuta upande wake na tairi inaburuzwa kando badala ya kubiringika. Pitisha kidole juu ya tairi kutoka ndani kwenda nje, kisha urudishe. Kikiteleza upande mmoja na kukwaruzwa upande mwingine, tairi imeanza kuliwa kwa kuburuzwa.

Weka kiti kwenye sakafu iliyo sawa, mwanariadha akiwa ameketi kama anavyokimbia, kwa sababu ekseli inapinda kidogo ikibeba uzito. Pima urefu kutoka sakafuni hadi katikati ya ekseli. Kwa urefu huo huo, tia alama ya chaki kwenye sehemu ya mbele kabisa ya kila tairi ya nyuma. Ning'iniza timazi kutoka kwenye alama, iache itulie, weka nukta sakafuni. Fanya kulia na kushoto, kisha pima umbali kati ya nukta mbili.

Sasa sukuma kiti mbele polepole, nusu mzunguko, karibu mita 1.1, mpaka alama zile zile zifike nyuma kwa urefu ule ule. Shusha timazi tena, pima tena. Usitie alama mpya: gurudumu lililopinda kidogo litakudanganya, ila ukipima sehemu ile ile ya tairi mara mbili, kosa hilo linajifuta.

Tofauti isizidi milimita 1. Mbele kukiwa kupana, magurudumu yamefunguka. Kukiwa kwembamba, yamejifunga. Legeza boliti zinazoshika ekseli, izungushe kidogo sana, kaza, pima upya. Kama ekseli imechomelewa, njia iliyobaki ni kupandisha au kushusha sehemu ya mbele ya kiti.

Hatua ya 2: Upepo wa tairi

Jaza kwa pampu yenye geji dakika chache kabla ya jaribio, kila mara kiwango kile kile, bila kuvuka kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi nyembamba hupoteza upepo usiku kucha. Ukilinganisha jana na leo bila kujaza upya, unalinganisha pampu.

Hatua ya 3: Jaribio la kuachia kiti

Tafuta sehemu iliyonyooka ya uwanja. Weka alama tatu kwenye mstari mmoja wa njia: mita 0, 20 na 40. Simu ikae kwenye stendi ya miguu mitatu, mita 35 hivi kutoka njiani, ikitazama alama ya katikati, ikirekodi fremu 240 kwa sekunde. Kisha simika vijiti vitatu karibu na simu, kila kimoja kikifunika alama yake ukitazama kupitia simu. Ekseli ya mbele ikipita nyuma ya kijiti, imevuka alama. Bila vijiti utakisia, na kisio la nusu mita linaharibu kila kitu.

Mwanariadha asukume hadi kilomita 20 kwa saa, aache kabla ya alama ya kwanza, ainame, mikono na kichwa visitikisike mpaka mwisho. Mara tatu kwenda, mara tatu kurudi. Fanya saa 12 asubuhi, kabla upepo haujaamka. Majani yakianza kucheza, ahirisha.

Hatua ya 4: Hesabu

Hesabu fremu kati ya vijiti, gawanya kwa 240. Tuseme mita 20 za kwanza zilichukua sekunde 4.00 na za pili 4.34. Kasi ni mita 5.00, kisha 4.61 kwa sekunde. Tofauti 0.39, igawanye kwa wastani wa muda, yaani 4.17. Jibu ni 0.094: kila sekunde kiti kinapoteza mita 0.094 za kasi. Chukua wastani wa kwenda na kurudi. Hiyo ndiyo namba yako. Iandike pamoja na uzito, upepo wa tairi na joto la siku.

Baada ya hapo badilisha kitu kimoja tu, rudia. Ukibadilisha tairi na mkao siku moja, hutajua nani kakusaidia.

Maswali ya wanachama

Swali: Kocha, nimefungua video kwenye Kinovea, programu ya kuchambua video, inasema mita 20 zimechukua sekunde 32. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea kupima, ndugu. Faili inachezwa kwa fremu 30 kwa sekunde, na programu imeamini hivyo. Ingiza kasi halisi ya kurekodi, 240, sekunde zitagawanyika kwa 8. Angalia pia kama simu yako inarekodi fremu hizo kweli. Nyingine hurekodi chache na kujitungia za katikati.

Swali: Kwetu hakuna uwanja, nina barabara tu. Inafaa?

Jibu: Inafaa, ila usiache kurudi. Mteremko wa sentimita 4 tu katika mita 40 unabadilisha namba kwa karibu 0.01, yaani sehemu ya kumi ya namba yenyewe. Wastani wa pande mbili unaufuta. Lami ya kokoto haiwezi kulinganishwa na uwanja.

Swali: Nilipima Mombasa 0.096, Eldoret nikapata kidogo zaidi. Kiti kimepona chenyewe?

Jibu: Hapana, hewa ndiyo imepungua. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 20. Linganisha namba za mahali pamoja tu.

Swali: Nimetoa gurudumu la mbele la sentimita 45 nikaweka la 50. Kiti kimekuwa kizito ghafla.

Jibu: Pua ya kiti imepanda sentimita 2.5, na ekseli imezunguka nayo. Kwa kiti chenye mlalo wa digrii 12 na sentimita 110 kati ya ekseli, magurudumu ya nyuma yamefunguka mbele kwa karibu milimita 7. Rudi hatua ya 1.

Swali: Nataka ringi ndogo, kutoka sentimita 38 hadi 36. Nitapata kasi?

Jibu: Kwa kasi ya mita 7 kwa sekunde, ringi ya 38 inataka mkono uende mita 3.8 kwa sekunde. Ya 36 inataka 3.6. Mwishoni utapumua, lakini kuondoka kutakuwa kuzito. Jirekodi kwa ubavuni kwanza. Ukiona kiti kinashtuka glavu inapogusa ringi, mkono unafika polepole kuliko ringi na unafunga breki kila msukumo. Mtu wa namna hiyo ringi ndogo inamsaidia. Kama glavu inafika kwa kasi ya kutosha, baki na 38.