Vibali vya mazingira kwa kiwanda cha Arusha au Moshi: anza na njia ya majitaka

Mwenye kiwanda anayenunua mashine kwanza na kutafuta vibali baadaye hujikuta akivunja sakafu mpya ili apitishe bomba ambalo siku ya kujenga msingi lingemgharimu kidogo tu. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini mkataba wa kiwanja, iwe Themi au Unga Limited mjini Arusha, au pembezoni mwa Moshi, ufuate kwa miguu mtaro unaopita nyuma ya kiwanja hicho hadi uone unakomwaga. Maji ya Mto Themi na ya Mto Karanga hatimaye hufika Mto Kikuletwa, nao huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Katikati ya safari hiyo wapo wakulima wanaomwagilia, mifugo inayokunywa na wavuvi wanaotegemea bwawa, na hao ndio watu ambao vibali vyote viliwekwa kwa ajili yao.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kuanza mradi unaohitaji Tathmini ya Athari kwa Mazingira kabla ya kupata cheti chake. Maombi hupelekwa kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ambalo hupanga mradi katika kundi kulingana na uzito wa athari zake. Tathmini yenyewe hufanywa na mtaalamu aliyesajiliwa. Usikubali kuandaliwa ripoti na mtu ambaye hajakanyaga kiwanja chako wala kuzungumza na majirani kupitia serikali ya mtaa. Ikiwa kiwanda tayari kinafanya kazi bila cheti, njia yake ni ukaguzi wa mazingira, na ni heri ukauombe mwenyewe kuliko kusubiri kufikiwa.

Jambo ambalo wengi hulipuuza, nami naliona kuwa muhimu kuliko yote, ni kupima maji kabla ya uzalishaji kuanza. Maji ya maeneo mengi ya Arusha yana floraidi nyingi kiasili, na mito inayokatiza mjini hubeba uchafu wa wengine. Chukua sampuli juu na chini ya mahali bomba lako litakapotokea, uzipeleke maabara inayotambuliwa, na uhifadhi majibu. Usipokuwa nayo, utashindwa kuonyesha kipi ulikikuta na kipi umekileta.

Kutiririsha majitaka mtoni kunahitaji kibali kingine, cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi. Viwango vya kitaifa vinataka majitaka yenye pH, yaani kipimo cha uasidi, kati ya 6.5 na 8.5, yabisi zinazoelea zisizozidi miligramu 100 kwa lita, na BOD, yaani oksijeni inayohitajika ili vijidudu vivunjevunje uchafu, isiyozidi miligramu 30 kwa lita. Maji yanayotoka kwenye mitambo ya kumenya kahawa mbivu hufikia maelfu ya miligramu za BOD kwa sababu ya sukari ya ute, kwa hiyo shimo moja la kutuama halitoshi. Kiwanda cha ngozi kitenganishe maji yenye kromiamu, metali inayotumika kusindika ngozi, tangu kwenye pipa la kusindikia, kwa kuwa yakishachanganyika na mengine, tope lote huwa taka hatarishi na huhitaji utaratibu wake wa vibali. Anayeunganishwa na mtandao wa majitaka wa AUWSA au MUWSA, mamlaka za maji za Arusha na Moshi, naye ayasafishe maji yake kwanza ndani ya kiwanda.

Cheti kikishatoka, mpango wa usimamizi wa mazingira ulioambatanishwa nacho unakufunga kisheria: lipa ada ya mwaka, weka daftari la vipimo, na utoe taarifa kabla ya kubadili uzalishaji au kuuza kiwanda. Vipimo vya mtoni visifanywe masika peke yake, wakati mvua imezimua kila kitu. Vifanywe pia kiangazi, mto ukiwa umepungua.