Pothosi ndani ya nyumba: ipe mahali pa kukwea

Pothosi, ule mmea wa majani ya kijani yenye mabaka ya manjano unaoning'inia katika sebule nyingi, asili yake ni kisiwa cha Mo'orea katika Polinesia ya Ufaransa, ambako hukwea miti kwa mizizi inayochomoza kwenye shina. Ikiachwa ining'inie, majani yake hubaki madogo. Ikipata mti katika nchi ya joto, majani mapya huweza kuzidi urefu wa sentimita 60. Kwa hiyo, anayetaka pothosi iliyonawiri aanze na nguzo.

Nguzo inaweza kuwa fimbo imara iliyozungushiwa makumbi ya nazi na kufungwa kwa uzi. Isimamishwe chunguni kabla ya kupanda, maana kuichomeka baadaye hukata mizizi. Shina lifungwe bila kulibana, upande wenye mizizi ukielekea kwenye makumbi, nayo makumbi yanyunyiziwe maji mara kwa mara, kwa kuwa mizizi hiyo haishiki vizuri mahali pakavu.

Mche mpya hupatikana kwa kukata shina. Litazame kwa karibu: pale jani linapoungana na shina pana kifundo, na juu yake kinundu kidogo cha kahawia, ambacho ndicho mzizi unaosubiri unyevu. Kata kwa kisu safi, sentimita 1 au 2 chini ya kifundo, kisha kitumbukize kifundo ndani ya maji huku jani likibaki juu. Maji yabadilishwe kila wiki, na mizizi ikifikia sentimita 5 hivi, kipandikizi kihamishiwe kwenye udongo. Jani lisilo na kifundo huweza kutoa mizizi, lakini halitachipua shina hata ulisubiri mwaka mzima.

Udongo uwe mwepesi, wenye mboji, mchanga wa chenga na vipande vya mkaa, na chungu kiwe na tundu chini. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, subiri. Hapa ndipo wengi hukosea: huona majani yakigeuka manjano, wakadhani mmea una kiu, wakauongezea maji, kumbe majani ya manjano pamoja na shina lililolainika karibu na udongo ni dalili ya mizizi kuoza. Mmea wenye kiu hulegea majani, na udongo wake huwa mkavu.

Uwekwe karibu na dirisha, mbali na jua kali la moja kwa moja. Gizani huishi, lakini mabaka hufifia, kwa sababu sehemu za manjano zina kidogo klorofili, ile rangi ya kijani ambayo mmea hutumia kutengeneza chakula kwa mwanga, na mmea hulazimika kutoa majani ya kijani kitupu ili ujilishe. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi.

Utomvu wake una chembe za kalsiamu oksaleti zinazochoma mdomo na koo, hivyo watoto na paka wasiufikie. Mabaki ya kupogoa nayo yasitupwe vichakani: kila kifundo ni mche kamili, na huko Sri Lanka pothosi imeshakuwa mmea vamizi unaofunika miti ya msituni.