Maji yakipanda, shusha kioo cha gari kwanza

Mvua ya radi ikipiga mjini, maji hayana pa kuzama. Lami na saruji zimefunika udongo, mitaro inajaa, na barabara iliyokuwa kavu inageuka mto ndani ya dakika chache. Ukifika mahali huoni lami, geuza gari. Usimtazame aliyepita kabla yako: sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi zinatosha kusomba gari dogo, na 60 huchukua magari mengi. Njia zinazopita chini ya daraja ndizo mbaya zaidi, kwa sababu maji ya pande zote hukimbilia huko.

Gari likizimika na maji yanapanda, simu baadaye. Fungua mkanda, shusha kioo haraka kabla umeme wa gari haujakata, toka kupitia dirishani. Usipigane na mlango. Maji ya nje yanausukuma kwa nguvu ambayo mtu hawezi kuishinda. Kioo kikigoma, gonga kona ya kioo cha pembeni kwa kitu kigumu chenye ncha, hata vile vyuma vya kiegemeo cha kichwa ukikichomoa. Cha mbele achana nacho, kina tabaka la plastiki katikati na hakivunjiki kirahisi.

Na tafadhali, usiwaache watoto wacheze kwenye maji hayo. Sentimita 15 zinazokimbia humwangusha mtu mzima, na chini ya tope kunaweza kuwa na chemba ambayo mfuniko wake umeshasombwa.