Kuchagua fremuweki (zana ya kuanzia) ya michoro ya msimbo, yaani michoro inayochorwa na programu: anzia kwenye kifaa cha mtazamaji

1. Kazi itatazamwa kwa kifaa gani? Mpita njia wa Nane Nane pale Nzuguni, Dodoma, ataskani QR kwa simu yake na bando lake. Huyo mpe p5.js, maktaba ya JavaScript ya kuchorea: inafunguka kwenye kivinjari, hasakinishi kitu. Kama ni projekta na kamera inayofuata watu kutwa nzima, tumia Processing, inayosakinishwa kwenye kompyuta, au openFrameworks ikiwa unaijua C++ na kasi ndiyo inayokukaba. (Na projekta haishindani na jua la mchana la Dodoma, funika banda.)

2. Unapoandaa kazi, fanya bila mtandao. Pakua p5.min.js (faili la p5.js) uiweke folda moja na index.html (ukurasa) na sketch.js (msimbo wako). Ukiivuta mtandaoni, intaneti ikikatika utabaki na skrini nyeupe. Andika namba ya toleo la p5.js: mifano ya zamani inayotumia preload() haifanyi kazi kwenye toleo la 2. Picha zikigoma kupakia ukifungua faili kwa kubofya mara mbili, hujakosea msimbo. Kivinjari ndicho kinachozuia. Ndani ya folda andika `python3 -m http.server 8000`, kisha fungua localhost:8000.

3. Pima kwenye simu ya bei nafuu, usipime kwenye kompyuta yako. Weka msimbo huu wa kupimia kwenye sketch.js; rangi yake ni ya udongo mwekundu, kama michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa:

```
function setup() {
  pixelDensity(1);
  createCanvas(360, 640);
  noStroke();
}
function draw() {
  background(240, 225, 200);
  fill(150, 50, 30, 120);
  for (let i = 0; i < 2000; i++)
    circle(random(width), random(height), 6);
  fill(0);
  text(floor(frameRate()), 20, 30);
}
```

Namba ya juu kushoto ni fremu kwa sekunde. Iache dakika 10, maana simu ikipata moto hupunguza kasi yenyewe. Namba ya dakika ya kwanza inadanganya. Ikishuka chini ya 30, usikimbilie kuhama fremuweki. Angalia kwanza kama mstari wa pixelDensity upo na uko juu ya createCanvas. Turubai hii ina pikseli 230,400; bila mstari huo, simu yenye msongamano wa pikseli wa 3 huchora 2,073,600, mara tisa zaidi, kwa mchoro uleule.

Punguza duara hadi 800. Bado inasuasua na kazi yako inazihitaji zote 2,000? Hapo hamia Three.js, maktaba nyingine ya JavaScript: InstancedMesh yake huzituma kwa GPU (kichakata michoro) kwa mkupuo mmoja. Utaandika mistari mingi zaidi, kamera ikiwemo.