Kufunga amplifaya kwenye gari: anzia kwenye ethi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Makorora aliniletea IST yake. Ndani ilikuwa na amplifaya ya pili kwa mwezi mmoja, na mluzi ulikuwa ule ule. Injini ikizimwa muziki unatoka safi. Ikiwashwa spika zinaanza kulia, na ukikanyaga mafuta mluzi unapanda nao. "Kaka, na hii nayo mbovu?" Amplifaya zote mbili zilikuwa nzima, ubovu ulikuwa kwenye ethi, yaani pale waya wa hasi wa amplifaya unapofungwa kwenye bodi ya gari. Tulianza baada ya adhuhuri, adhana ya magharibi ikatukuta tunarudisha zulia. Tulivyofanya ndivyo ninavyoandika hapa.

Hatua ya 1: Waya

Nunua waya wa shaba tupu. Waya mwingi unaouzwa kwenye vifurushi ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, mrudishie muuzaji. Popote pale aluminiamu inapitisha umeme kwa shida kuliko shaba ya unene ule ule, ila hapa Tanga kuna tatizo la ziada: chumvi ya baharini. Gari linalolala Raskazone au Chumbageni, miisho ya waya wa namna hiyo inaanza kutoa unga mweupe, na ukishauona unga huo jua muunganiko umekwisha.

Unene unatokana na hesabu. Chukua wati za kweli, zile za RMS kwenye karatasi ya maelekezo, na usidanganyike na 3000 iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi. Amplifaya ya daraja D ya wati 500 hupoteza kama asilimia 20 kwa joto, kwa hiyo inavuta wati 625 hivi. Gawanya kwa volti 13.8 za gari linalounguruma, unapata ampea 45. Hapo natumia waya nambari 4, ambao ni kama milimita za mraba 21. Nambari 8, ambayo ni nyembamba zaidi, naiachia amplifaya ndogo za wati 200.

Hatua ya 2: Chomoa hasi ya betri, pitisha waya

Waya wa chanya upite upande mmoja wa gari, waya za RCA, zile zinazoleta muziki kutoka kwenye redio, upande mwingine. Pale waya unapopenya ukuta wa injini lazima kuwe na mpira, usiuache ukisuguana na bati.

Hatua ya 3: Fyuzi

Ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45 kwa kufuata waya. Wengi wanadhani fyuzi hii inalinda amplifaya, kwa hiyo wanaifunga kule nyuma kwenye buti. Kazi yake ni kulinda waya. Waya ukichubuka njiani ukagusa bodi, betri inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa mkupuo, na zulia linashika moto kabla hujasimama pembeni. Ukubwa wake: jumlisha fyuzi zilizo kwenye amplifaya yenyewe. Kama zipo mbili za 30, weka ya 60, ilimradi waya wako unaubeba mzigo huo. Usiichomeke mpaka waya zote ziwe zimeungwa, pamoja na ule wa rimoti wa hatua ya 5.

Hatua ya 4: Ethi

Hapa nenda taratibu.

Umeme unaotoka betri kwa waya wa chanya lazima urudi, na unarudi kupitia bodi ya gari. Njia ya kurudi ikiwa nyembamba au ina kutu, umeme unatafuta njia nyingine. Njia iliyo karibu ni ganda la waya wa RCA, ambalo nalo limeungana na ethi ya redio. Humo ndimo mtetemo wa oltaneta unamoingia kwenye muziki, na ndiyo maana mluzi unafuata mwendo wa injini.

Boliti ya mkanda wa kiti usiitumie kabisa. Ni kifaa cha kuokoa roho, tena mara nyingi ina gundi ya kiwandani na rangi chini yake. Boliti ya kiti nayo siipendi. Mimi natafuta bati nene la bodi, lisilozidi nusu mita kutoka amplifaya, natoboa tundu langu. Kabla ya kutoboa, inama chini ya gari uangalie: magari madogo mengi tanki la mafuta liko chini ya kiti cha nyuma, na bomba za breki zinapita humo humo.

Piga msasa mpaka bati ling'ae, eneo la kutosha kichwa chote cha waya kikae juu yake. Rangi ikibaki hata kidogo chini ya kichwa hujafanya kitu. Kichwa kibanwe kwa koleo lake, usikipigie nyundo. Weka washa yenye meno, kaza boliti na nati, *halafu* paka grisi juu na chini ya bati kuzuia kutu. Waya wa ethi uwe unene ule ule wa chanya.

Sasa kupima, waya wa rimoti ukishaungwa na fyuzi na hasi ya betri zikisharudi, na hapa ndipo gari langu mwenyewe liliponimalizia Jumamosi nzima. Niliweka mita kwenye omu, nikapima kati ya ethi na hasi ya betri, ikasoma 0.3, sawasawa na ninapogusanisha ncha za mita zenyewe. Nikaamini ethi ni nzuri. Nikabadilisha RCA, nikahamisha nyaya, nikafungua redio. Mita ya kawaida haioni omu 0.02, lakini ampea 45 zikipita hapo unapoteza volti 0.9. Pima kwa volti, mzigo ukiwa juu yake: washa gari, piga muziki wenye besi kwa sauti kubwa, ncha moja kwenye tamino (skrubu ya kubania waya) ya ethi ya amplifaya, nyingine kwenye hasi ya betri. Ikizidi 0.1, rudi kwenye msasa. Ile IST ilisoma 0.8, tulipomaliza ilisoma 0.06 na mluzi ukanyamaza.

Ukinyamaza nusu, angalia ethi ya redio, kisha waya mfupi kutoka hasi ya betri kwenda bodi. Vichujio vya mluzi vinavyouzwa madukani sivifungi. Vinakula besi na kosa linabaki palepale.

Hatua ya 5: Rimoti

Ni waya wa bluu wenye mstari mweupe nyuma ya redio, unaoiambia amplifaya iwake redio ikiwashwa. Ukiunga kwenye umeme wa kudumu, amplifaya haizimiki na asubuhi betri imekufa.

Hatua ya 6: Geini

Geini, kile kirekebishi kilicho kwenye amplifaya, siyo kitufe cha sauti. Chomoa sabufa, zima besi ya ziada, weka redio robo tatu, piga mlio wa Hezi 50. Zidisha wati kwa omu za sabufa, tafuta kipeuo cha pili: wati 300 kwa omu 4 ni volti 34.6. Pandisha geini polepole mita ya volti AC ikiwa kwenye tamino za spika, simama ukifika volti hizo. Chujio la besi weka Hezi 80.

Unga sabufa, endesha hadi Pongwe na kurudi, ukifika shika kishikio cha fyuzi na kichwa cha ethi kwa mkono. Kikiwa cha moto kuliko vingine, hicho hakijabanwa.