Somo: Kumfunga kizazi paka au mbwa wako, tangu wiki mbili kabla ya upasuaji hadi siku ya kutoa nyuzi

Wanachama wenzangu, salaam. Mimi ni daktari wa wanyama, natibia Tanga. Wengi mmeniomba nieleze upasuaji huu kwa utaratibu, nami nitaueleza kama ninavyomweleza mteja aliyekaa mbele yangu na paka wake kwenye kikapu.

Kwanza tuelewane maneno. Dume anahasiwa, yaani anatolewa korodani zote mbili. Kwa jike tunasema "kufunga kizazi", ingawa hatufungi kitu. Tunatoa ovari, na mara nyingi mfuko wa uzazi pia, kwa hiyo hakuna kufungua baadaye. Amua ukijua hivyo.

Paka wa huku kwetu karibu na ikweta hana msimu wa kupumzika. Nchi za mbali kaskazini, siku zikiwa fupi, jike hutulia miezi kadhaa. Hapa mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, basi naye hupata joto, yaani hutaka dume, mwaka mzima. Anaweza kuanza akiwa na miezi minne tu, hubeba mimba kama siku 63 hadi 65, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Mbwa jike hupata joto takriban mara mbili kwa mwaka. Akizeeka bila kufungwa, mfuko wa uzazi unaweza kujaa usaha wiki chache baada ya joto, na hapo tunampasua ili kuokoa roho, akiwa ameshadhoofika.

Hatua ya kwanza: wiki mbili kabla, angalia kupe na damu

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kuliko popote. Nilipokuwa mgeni kazini nilimpasua mbwa jike aliyekuwa anakula vizuri na kutikisa mkia. Kupe nilimwona nao masikioni, nikawapuuza, maana mbwa gani wa huku hana kupe? Nilipofungua tumbo, damu haikutaka kuganda. Mishipa yote niliifunga, lakini kila nilipogusa paliendelea kuchuruzika. Alikufa alfajiri, na mwenye mbwa alikuwa amelala kwenye benchi la nje akimsubiri.

Kupe wa kahawia wa mbwa hubeba vimelea viitwavyo erlikia. Vimelea hivi hupunguza chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, na mbwa anaweza kuwa navyo kwa miezi huku akibweka kama kawaida. Tangu siku ile simpasui mbwa bila kupima damu. Akikutwa navyo tunampa doksisaiklini kama wiki nne, tunapima tena, ndipo tunapanga tarehe. Wewe nyumbani mfunue mdomo. Fizi zikiwa nyeupe, au zina vidoa vyekundu, au kama amewahi kutoka damu puani, sema kabla ya yote.

Wakati huohuo mpe dawa ya minyoo, na chanjo ya kichaa cha mbwa kama hajachanjwa. Paka pia huchanjwa. Uliza kama daktari amesajiliwa na Baraza la Veterinari, na uliza nani atakayeangalia pumzi za mnyama wakati daktari anapasua. Mtu mmoja hawezi kushika kisu na kuhesabu pumzi.

Hatua ya pili: usiku wa kuamkia

Chakula cha mwisho kiwe saa nne usiku. Maji aendelee kunywa hadi asubuhi. Tunamnyima chakula kwa sababu akitapika akiwa kwenye nusukaputi, matapishi huingia mapafuni. Paka mfungie ndani, la sivyo atamaliza dagaa wa jirani na wewe utaniambia kwa nia njema kabisa kwamba hajala. Ukishuku amekula, niambie tu, tutabadilisha siku. Mtoto aliye chini ya miezi minne asilale njaa usiku kucha, sukari yake hushuka haraka. Kwake saa mbili hadi nne kabla ya upasuaji zinatosha.

Mlete kwenye kikapu chenye mfuniko au boksi lenye matundu. Kiroba hapana, hukosa hewa.

Hatua ya tatu: mezani

Sehemu hii haikuhusu sana. Anachomwa sindano ya usingizi, ananyolewa, anasafishwa. Macho ya paka hubaki wazi kwa dawa ya ketamini, hivyo tunayapaka mafuta yasikauke. Jike hupasuliwa tumbo, na tunashona tabaka kwa tabaka. Paka dume humalizika kwa dakika chache, mara nyingi bila uzi hata mmoja.

Hatua ya nne: usiku wa kwanza

Atayumba kama mlevi. Mlaze chini, chumba chenye giza, mbali na ngazi, kitanda na ndoo za maji. Hata Tanga kwenye joto hili mnyama aliyetoka kwenye nusukaputi hupoa mwili, kwa hiyo mwekee chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa. Akiweza kusimama na kutembea vizuri, mpe nusu ya chakula chake.

Bonyeza ufizi kwa kidole. Rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi ukiwa mweupe, tumbo likijaa, au mnyama asipoamka vizuri, nipigie hata saa nane za usiku.

Hatua ya tano: siku 10 hadi 14, mpaka kutoa nyuzi

Ukague mshono asubuhi na jioni. Asioge, asiruke ukuta, asiulambe. Kama huna kola ya plastiki, paka mvishe kijifulana cha mtoto mchanga, au soksi pana uliyoitoboa matundu manne ya miguu. Usipake Dettol. Paka huilamba, nayo ni sumu kwake. Spiriti nayo huunguza kidonda. Mshono mkavu uache kama ulivyo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo daktari. Paka wangu ana miezi mitano, analia usiku kucha na kujibinua. Nisubiri azae mara moja kwanza?* (Kigamboni)

Marahaba. Usisubiri. Kuzaa mara moja hakumwongezei afya yoyote. Paka aliye kwenye joto tunaweza kumpasua, ila mishipa imejaa damu, hivyo mimi hupendelea atulie wiki moja. Mfungie hasa, madirisha pia. Mbwa ni tofauti, yeye asubiri miezi miwili hadi mitatu baada ya joto kuisha.

*Dume wangu ni wa ulinzi. Nikimhasi si atakuwa mpole, wezi waingie?* (Nakuru)

Kubweka kwa mgeni hutokana na asili yake na malezi, na hakuondoki na korodani. Kinachopungua ni kutoroka kufuata majike na kurudi na majeraha. Hupungua pia hatari ya ule uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, ambao naona sana kwa mbwa wanaozurura. Ugali mpunguzie, atanenepa upesi. Na kwa wiki nne hadi sita za mwanzo mtenge na majike, anaweza bado kutia mimba.

*Asalaam aleikum. Kidini inajuzu?* (Mombasa)

Waaleikum salaam. Wanazuoni wametofautiana. Wapo wanaoruhusu pakiwa na manufaa na mnyama asidhurike. Muulize shehe wako. Upande wangu nakuhakikishia mnyama hapasuliwi bila usingizi na dawa ya maumivu.

*Siku ya nne, pembeni ya mshono pamevimba kama yai la kware. Anakula vizuri.* (Morogoro)

Huenda ni majimaji tu, hasa kama amekuwa akirukaruka. Lakini pia nyuzi za ndani zinaweza kuwa zimeachia na utumbo unasukuma. Usipakamue wala usipatoboe. Aonwe leo.

*Daktari, paka wangu amerudi jana kutoka upasuaji, alikuwa analia kwa maumivu. Nimempa nusu ya Panadol saa moja iliyopita. Sasa hivi anatokwa mate.* (Arusha)

Dada, acha kusoma, mbebe uende kliniki iliyo karibu dakika hii. Mwili wa paka hauwezi kuivunja parasetamoli. Damu yake itashindwa kubeba hewa, fizi zitageuka rangi ya kahawia na uso utavimba. Ipo dawa, inaitwa asetilisistini, na kila saa inayopita inapunguza nafasi yake. Usimpe maziwa wala mafuta. Ukifika, mwambie daktari umempa kiasi gani na saa ngapi, na kifungashio cha dawa uende nacho mkononi. Nimewasha simu, nipigie ukiwa njiani.